"Nitakuwa nimelipa": sentensi iliyolaza lori Malaba

Jumapili hii safu yenu ya lugha haikuandikwa jijini. Imeandikwa juu ya meza ya mbao katika hoteli moja ndogo ya Malaba, chai ya maziwa upande huu na chapati upande ule, huku malori yakinguruma nje tangu alfajiri. Nilikuwa nimetumwa Busia kwa shughuli nyingine ya gazeti, nikaona si vyema kurudi Nairobi bila kupita Malaba kumsalimu kijana mmoja ninayemfahamu, karani wa wakala wa forodha. Salamu hizo ndizo zilizozaa somo la leo.

Somo lenyewe ni la Kifaransa. Najua wapo watakaoguna: Kifaransa na Malaba wapi na wapi? Subirini kidogo.

Busia na Malaba ndiyo milango mikubwa ya mizigo kati ya Kenya na Uganda, na kila mmoja ni mji pacha: upande wa pili wa mpaka kuna mji wenye jina lilo hilo. Busia ndiko wengi wanakosema jina la bodaboda lilikozaliwa, enzi za baiskeli zilizokuwa zikivusha abiria kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Ukisimama barabarani kwa nusu saa utasikia Kiteso, Kikhayo, Kisamia, Kibukusu, Kiganda na Kiswahili cha kila ladha. Kifaransa hukisikii sana. Kifaransa cha mpakani unakisoma.

Maana mizigo inayoshushwa Mombasa haiishii Kampala yote. Mingine hushika njia ya Kasese, ikavuka Mpondwe na Kasindi, ikapita Beni hadi Butembo, Kongo ya mashariki. Mingine huenda Kigali na Bujumbura. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo ikafuata mwaka 2022. Sasa mfanyabiashara wa Butembo ukimpigia simu mtazungumza Kiswahili bila taabu, kwani Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini mwake. Lakini lugha rasmi ya Kongo ni Kifaransa. Ndicho alichosomea, ndicho anachoandikia ankara, barua na hata ujumbe wa simu anapotaka jambo lichukuliwe kwa uzito. Mdomoni Kiswahili, karatasini Kifaransa. Hapo ndipo karani wetu aliponasa.

"Dada," aliniambia huku akifungua simu yake, "hebu nisomee hii. Mimi imeninyima usingizi siku tatu."

Ujumbe ulikuwa wa mstari mmoja, kutoka kwa mteja wa Butembo mwenye lori la bidhaa: "Quand le camion arrivera à Malaba, j'aurai payé le solde."

Karani wetu si mjinga. Alisoma Kifaransa miaka miwili katika sekondari, na kamusi anayo. Alijua "camion" ni lori na "solde" ni salio la deni. Alijua pia kwamba "j'aurai" ni "nitakuwa na". Na "payé" akaitamka, akasikia sauti ile ile ya "payer", yaani kulipa. Basi akaunganisha: lori likifika Malaba, nitakuwa na kulipa salio. Kwa maneno mengine, mteja anangoja lori lifike ndipo alipe. Akamwarifu mhasibu wa ofisi kuu kwamba fedha zitakuja lori likishafika, na kwamba makaratasi ya kuvukia yasitolewe kabla ya hapo.

Lori likafika Ijumaa jioni. Karani akamwandikia mteja: tunasubiri malipo yako. Mteja akaona maneno hayo akakasirika, akanyamaza. Dereva na utingo wake wakalala chini ya lori usiku wa kwanza, wakalala usiku wa pili, posho yao ya njiani ikaishia kwenye ugali na sukuma wiki. Jumapili mchana mteja akapiga simu mwenyewe, na safari hii kwa Kiswahili: mbona mnataka nilipe mara mbili? Fedha nimeziweka benki tangu Alhamisi, na nilikuandikia!

Na kweli alikuwa ameandika. Ujumbe wake ulisema: "Lori litakapofika Malaba, nitakuwa nimelipa salio."

Msomaji, litazame hilo tena kwa Kiswahili. Hapana mtoto wa darasa la sita anayeweza kukosea nani alitangulia, malipo au lori. Malipo yalitangulia. "Nitakuwa nimelipa" hutupeleka mbele hadi siku ile ya lori kufika, kisha hutufanya tugeuke nyuma na kuona kitendo kimekwisha. Wafaransa wanauita wakati huu "futur antérieur", na vitabu vyetu vya sarufi vinaweza kuuita wakati ujao timilifu. Ubaya ni kwamba wanafunzi wetu wengi hufundishwa kuufikia kwa kupitia Kiingereza, ilhali njia ya mkato ipo vinywani mwao tangu utotoni.

Hebu tuuvunje tuone umeundwaje. Kiswahili huchukua kitenzi "kuwa", kikakivika wakati ujao, kisha kikaongeza kitenzi chenye "-me-": nitakuwa + nimelipa. Kifaransa nacho huchukua kitenzi kisaidizi katika wakati ujao, kikaongeza umbo la kitendo kilichokwisha, liitwalo "participe passé": j'aurai + payé. Tofauti ni kwamba Kiswahili kinamtaja mtendaji mara mbili, ni- na ni- tena, lakini Kifaransa kinamtaja mwanzoni tu. J'aurai payé, tu auras payé, il aura payé, nous aurons payé, vous aurez payé, ils auront payé. Neno la pili limetulia tuli.

Umbo hilo la pili lazima ulijue kwa kila kitenzi. Vitenzi vya "-er" havina shida: payer hutoa payé, charger, yaani kupakia, hutoa chargé. Vya "-ir" aghalabu huishia "-i", kama finir na fini. Kisha wapo wakorofi wa kukaririwa tu: vendre hutoa vendu, recevoir hutoa reçu, faire hutoa fait, prendre hutoa pris, ouvrir hutoa ouvert, écrire hutoa écrit. Bandikeni ukutani karibu na kioo. Mimi nilipokuwa chuo cha uandishi wa habari niliyabandika mlangoni, na mwenzangu wa chumbani akayajua kabla yangu.

Sasa tunafika penye kona kali. Kiswahili kina kisaidizi kimoja, "kuwa". Kifaransa kina viwili, avoir na être, na si vitenzi vyote vinavyokubaliana na avoir. Vitenzi kadhaa vya kwenda, kuja na kubadilika hali hutaka être: aller, venir, arriver, partir, entrer, sortir, monter, descendre, rester, tomber, naître, mourir, pamoja na jamaa zao kama revenir na devenir. Vile vya kujitendea, mfano se lever, huingia kundi hilo pia. Kwa hiyo "nitakuwa nimefika" si "j'aurai arrivé" bali "je serai arrivé". Na hapa neno la pili linaacha utulivu wake, linafuata mtendaji kwa jinsia na idadi: le camion sera arrivé, la marchandise sera arrivée, les camions seront arrivés. Mimi mwanamke nikiandika, natia "e" ya pili: je serai arrivée. Sikio halisikii kitu, lakini jicho la mwalimu linaona.

Mzungumzaji wa Kiswahili asilalamike kuhusu jambo hili. Sisi tunasema "lori litakuwa limefika", "mizigo itakuwa imefika", "magunia yatakuwa yamefika". Lugha yetu inadai upatanisho mkubwa kuliko huo, nasi hatuoni uzito.

Lakini kuna ufunguo mwingine ambao sikuupata katika kitabu chochote cha shule. Niliupata kwa kuwatazama wapagazi wa Malaba wakishusha magunia. Baadhi ya vitenzi vile vya être hubadilika vikachukua avoir. Descendre, kwa mfano. "Il sera descendu" ni sawa, na "il aura descendu les sacs" pia ni sawa. Wanafunzi hapo huchanganyikiwa. Sasa zitafsiri: "atakuwa ameshuka", na "atakuwa ameshusha magunia". Umeona? Kushuka ni être, kushusha ni avoir. Sortir ni vivyo hivyo: "nous serons sortis", tutakuwa tumetoka, lakini "nous aurons sorti la marchandise", tutakuwa tumetoa bidhaa. Monter: kupanda ni être, kupandisha ni avoir. Pale ambapo Kiswahili kinabadilisha mkia wa kitenzi ili kipate cha kutendewa, Kifaransa kinabadilisha kisaidizi. Ukikwama kwenye mtihani, jiulize kama ungesema toka au toa.

Turudi kwenye sentensi ya mteja wa Butembo, kwa sababu ina pacha wake, na pacha huyo ndiye karani wetu aliyedhani amemsoma. Iandike hivi: "Quand le camion sera arrivé à Malaba, je paierai le solde." Maneno ni karibu yale yale. Lakini sasa timilifu imehamia kwa lori: "Lori litakapokuwa limefika Malaba, nitalipa salio." Kwanza lori, kisha fedha. Kanuni ni kwamba kitendo kilichobeba kisaidizi na umbo timilifu ndicho kinachotangulia, hata kama kimeandikwa mwisho wa sentensi. Kwa karani wa forodha hiyo ndiyo tofauti kati ya kuachilia lori na kulizuia. Ukiwa na sentensi ya namna hii mkononi, usianze na maneno ya kamusi. Anza kwa kutafuta ni upande gani wenye maneno mawili.

Mwanafunzi mmoja wa Eldoret aliniletea barua akilalamika kwamba aliandika "Quand le camion arrive, je paierai", akitaka kusema kwamba atalipa siku lori litakapofika, na mwalimu akamkata. Aliuliza kosa liko wapi, maana kwa Kiingereza ndivyo inavyosemwa. Haswa! Kosa ni hilo la Kiingereza. Waingereza wakishasema "when", kitenzi kinachofuata kinakataa wakati ujao, hata kama lori lenyewe bado liko Mombasa. Mfaransa hakubali hivyo. Jambo likiwa la baadaye, basi na kitenzi kiwe cha baadaye: quand le camion arrivera, au sera arrivé. Na sisi Waswahili tunasemaje? Lori litakapofika. Ile "-taka-" iliyo kati ya "li-" na "-po-" ni wakati ujao mtupu. Tuko upande wa Mfaransa katika kesi hii. Mwanafunzi wetu angepitia Kiswahili asingekatwa alama. Kanuni ni ile ile baada ya lorsque, dès que, aussitôt que na après que.

Tahadhari moja lakini. Katika maongezi ya kila siku sisi huvivuka, tukasema "lori likifika nitalipa", na hiyo "-ki-" ina sura mbili: yaweza kuwa "endapo litafika" na yaweza kuwa "wakati litakapofika". Kifaransa hutenganisha. Endapo ni "si", nayo katika sharti la namna hii haifuatwi na wakati ujao kamwe: "si le camion arrive, je paierai". Kwa hiyo unapokutana na "-ki-" kichwani mwako, ijaribu kwanza kwa "-takapo-". Ikikubali, andika quand na wakati ujao. Ikikataa kwa sababu huna hakika kama jambo litatokea, andika si na wakati uliopo.

Ukanusho una utamu wake. "Je n'aurai pas fini" ni "sitakuwa nimemaliza". Lakini sisi mara nyingi tunasema "nitakuwa sijamaliza", na hiyo "-ja-" imebeba "bado" tumboni mwake. Mfaransa lazima aitamke kando: "je n'aurai pas encore fini". Mkisahau encore, ahadi yenu ya kumaliza baadaye imepotea.

Wakati huu una kazi nyingine isiyohusu siku zijazo hata kidogo. Mwenye hoteli ile niliyokunywa chai, mama mtu mzima mwenye mume dereva wa masafa marefu, alinisikia nikieleza mambo haya akaingilia kati. Akakumbuka mwaka 2020, wakati wa korona, madereva walipokuwa wakipimwa kabla ya kuvuka na msururu wa malori ukarefuka makumi ya kilomita kutoka Malaba kurudi ndani ya Kenya. Alikuwa akimpigia mumewe, simu imezimwa. "Nikawa najiambia, atakuwa amelala. Kisha nikajiambia, atakuwa ameishiwa na moto wa simu. Sikutaka kufika kwa lile la tatu."

Mama huyu hajui Kifaransa hata salamu, lakini alikuwa ametoa mifano bora kuliko ya vitabu vyangu. "Atakuwa amelala" halisemi habari ya kesho. Ni kukisia jambo ambalo huenda limekwisha kutokea, ila hatuna ushahidi. Kifaransa hufanya vivyo hivyo, kwa umbo lile lile: "il se sera endormi", atakuwa amelala, "il aura oublié", atakuwa amesahau, "il aura passé la nuit à Webuye", atakuwa amelala Webuye. Lugha mbili zisizo na udugu wowote wa damu zimeamua kwamba jambo tusilolithibitisha tuliweke mbele, mahali ambapo siku moja tutalijua. Mumewe, nashukuru kusema, alikuwa mzima. Alikuwa ameazimisha chaja.

Kabla sijaondoka, karani alinionyesha ujumbe mwingine wa zamani kutoka kwa mteja tofauti, nikashtuka kidogo. Ulisema "j'aurais payé". Akaniuliza, si ndio ule ule? La hasha! Hesabu herufi. Kuna "s" mwishoni mwa j'aurais, na "s" hiyo imetoa fedha zote mezani. "J'aurai payé" ni "nitakuwa nimelipa". "J'aurais payé" ni "ningalilipa", yaani ningalilipa lau kama jambo fulani lingalikuwa, lakini sikulipa. Moja ni ahadi na ya pili ni udhuru, na wengi wanaosema Kifaransa huyatamka kwa namna inayokaribiana mno. Ndiyo maana kwenye biashara ombeni mwenzenu aandike, kisha msome hadi herufi ya mwisho. Karani akatikisa kichwa. Mteja yule wa pili, alisema, hakuwahi kulipa mpaka leo.

Tukamaliza kwa kumwandikia mteja wa Butembo ujumbe wa kumwomba radhi na kumpasha habari, maana lori lake lilikuwa tayari na makaratasi yote na dereva alikuwa akipasha injini. Karani alitaka kuandika mwenyewe, kwa Kifaransa, bila kusaidiwa. Jaribio la kwanza alitumia "sera quitté", akidhani quitter ni ndugu wa partir. Si ndugu. Kinachoachwa kinatajwa pale pale, nayo ni Malaba, kwa hiyo kinataka avoir. Akafuta, akaandika upya:

"Quand vous lirez ce message, le camion aura quitté Malaba."

Utakaposoma ujumbe huu, lori litakuwa limeondoka Malaba. Akaibonyeza ikaenda. Jibu lilirudi baada ya dakika mbili, kwa Kiswahili: "Asante. Sasa tunaelewana."

Zoezi la wiki hii, kwa wanafunzi na wazazi wao pia. Geuzeni kwa Kifaransa: (1) Kufikia Ijumaa tutakuwa tumeuza magunia yote. (2) Mabinti watakapokuwa wamerudi, tutakula. (3) Dereva atakuwa amesahau simu Busia. (4) Lori litakapofika Kampala, nitakuwa sijapokea ankara. Ya nne ina mtego niliokwisha kuutaja. Majibu Jumapili ijayo, Mungu akipenda.